Kadi ya Saa Kumi na Dakika Kumi

Kwenye ile barabara ya maduka kuna vinyozi watatu, na wawili kati yao ni redio tosha. Ukikaa kwenye viti vyao, kabla mashine haijafika kisogoni umeshajua nani kaachwa, nani kahama bila kuaga na nani hasemi na mama mkwe wake. Wa tatu ndiye huyu wetu. Huyu ukimpa siri, imekwenda hiyo. Atakuitikia "mm", ataendelea kunyoa, na hata ukirudi kesho kumwuliza wewe mwenyewe ulimwambia nini, atakutazama kama hakujui. Ndiyo maana watu wakambandika jina la Kaburi, na jina likamkaa vizuri kuliko koti lake la kazi.

Wapo waliodhani ni majivuno. Wapo waliosema alishtuliwa na radi utotoni. Wapi! Mtu huyu alikuwa na ugonjwa mwingine kabisa, na nitausema mimi maana yeye hatausema: alikuwa msikilizaji wa redio ya ridhaa.

Na usiniletee habari za muziki na salamu za wasikilizaji. Hiyo ni redio ya kila mtu. Redio ya ridhaa ni ya watu wenye mitambo yao midogo majumbani, mwalimu hapa, daktari wa meno kule, nahodha mstaafu ng'ambo ya dunia. Kila mmoja ana leseni yake na herufi zake alizopewa za kujitambulisha, na wanaitana hewani kwa hizo herufi, wanaulizana hali ya hewa na urefu wa waya zao, wanaagana, wamemaliza. Hawauzi kitu wala hawatangazi kitu. Sasa pembeni yao, kimya kabisa, wamekaa watu wa aina ya Kaburi, ambao hawana leseni ya kusema na wala hawaitaki. Wao wanasikiliza tu. Ukiwauliza wanapata faida gani, watakuonea huruma.

Kibanda cha kunyolea kilikuwa mbele ya nyumba na jiko lilikuwa nyuma. Katikati palikuwa na stoo ambayo mtu mnene akiingia hageuki, anatoka kinyumenyume. Humo ndimo alimotawala. Kulikuwa na meza ya shule iliyobaki baada ya watoto kukua na kwenda kujitegemea, redio kubwa ambayo kitufe chake cha kutafutia mawimbi kilikuwa kimepauka kwa kuguswa, daftari la kumbukumbu, penseli tano zilizochongwa, na saa mbili ukutani. Ya kushoto ilikuwa saa ya kwetu. Ya kulia ilikuwa saa ya dunia, ambayo watu wote wa redio wanaifuata ili wasibishane, huyu anasema asubuhi na yule anasema jioni. Hiyo iko nyuma ya saa ya kwetu kwa saa tatu, na haianzi kuhesabu kunapokucha kama tunavyohesabu sisi. Inaanza katikati ya usiku na kwenda moja kwa moja mpaka ishirini na nne. Kwa hiyo mdomo wetu ukisema saa kumi jioni, saa ya dunia inasema kumi na tatu. Lishike hilo, tutalihitaji. Kaburi aliipiga hesabu hiyo kichwani kwa miaka ishirini na miwili na hakukosea hata siku moja.

Kutoka dirisha la stoo ulitoka waya mrefu wa shaba mpaka kwenye nguzo ya tangi la maji. Mke wake aliwahi kuanika shuka juu ya waya huo, mara moja tu, walipokuwa bado na watoto wadogo. Kaburi hakumgombeza. Alikaa kimya siku nne mfululizo, kimya ambacho kwa mtu mwingine kingeitwa hasira, na kwake kiliitwa Jumatatu mpaka Alhamisi.

Wasikilizaji hawa wana kanuni zao, jamani, na Kaburi alizishika utadhani aliapishwa. Maneno uliyoyasikia hewani ambayo hukuambiwa wewe, huyasimulii na huyatumii; umeyasikia, yameishia hapo hapo. Na ukimsikia mtu, unamwandikia ripoti: tarehe, saa ya dunia, masafa, na alama mpaka tano za nguvu ya sauti, usafi wa mawimbi na kueleweka. Humo hutii chumvi. Aliyesikika mbili unampa mbili, hata awe rafiki yako wa kufa na kupona. Ripoti inakwenda kwa posta, mwenyewe anafungua daftari lake, na akiona kweli saa ile alikuwa hewani, anakurudishia kadi ya kuthibitisha. Hiyo kadi ndiyo heshima yako. Bila kadi hukusikia kitu, hata uape juu ya nini. Halafu kuna hii, ambayo Kaburi aliipenda kuliko zote: usichokipata usikibahatishe. Wenye leseni wanamwambia mwenzao, "Sikukupata, rudia." Msikilizaji, kwa kuwa hana ruhusa ya kusema, anaacha nafasi wazi daftarini, basi.

Kadi alikuwa nazo mia sita na kumi na mbili, kwenye makopo ya biskuti. Juu ya mlango wa stoo ilining'inia fremu yenye hati kutoka chama cha wasikilizaji: Msikilizaji Makini wa Mwaka. Mkewe aliifuta vumbi kila Ijumaa. Ijumaa moja, akiifuta, alicheka peke yake mpaka akalazimika kukaa chini. Kaburi akamwuliza kulikoni. Akasema, "Hakuna, baba watoto."

Mwanamke huyu alikuwa mtunza maabara kwenye chuo cha ufundi, mtu wa watu, mwenye maneno mengi na yote matamu. Chupa ikivunjika maabara, anavyoisimulia utapenda uwe ile chupa. Na hadithi zake zote, kwa miaka ishirini na sita ya ndoa, alizimwaga mezani mbele ya mtu aliyejibu "mm". Mimi ningeshatupa sahani ukutani siku nyingi. Yeye alikuwa na subira, ila subira nayo ina mwisho wake, na mwisho wenyewe ulianza Jumamosi moja wakiwa wanakula chakula cha mchana.

Ilikuwa saa saba na dakika kumi. Mama alikuwa anasema. Kaburi alikuwa anatafuna, na akili yake yote ilikuwa kwenye kituo kimoja cha kisiwani, kwenye bahari za baridi huko, ambacho jana yake alikipata herufi mbili tu kikazama. Mama akamaliza, akamtazama.

"Mm," akasema Kaburi.

"Mm ndiyo, au mm hapana?"

"Mm."

Mama akakusanya vyombo, na siku hiyo vyombo viligongana kuliko kawaida. Akavaa viatu, akasema anakwenda chuoni, Jumamosi siku hizi kuna kazi. Kaburi akaitikia unavyojua alivyoitikia.

Saa kumi kamili alifunga kibanda kama kila Jumamosi, akaingia stoo, akavaa visikilizio masikioni, akatulia kwenye masafa yake. Maana kila msikilizaji ana kijiwe chake, na chake kilikuwa masafa ya mita arobaini, pale pale, kila Jumamosi, saa ile ile. Ilipofika saa kumi na dakika kumi akatokea muuguzi mmoja mstaafu wa mji wa mbali, mwanamke anayemfahamu vizuri kwa sauti na ambaye kadi yake anayo. Alikuwa anaita herufi za kituo cha chuo cha ufundi. Na chuo kikajibu.

"Nakusikia vizuri, dada. Hapa ni mwendeshaji mpya, leseni yangu ina wiki tatu, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kwenye masafa haya."

Penseli ikamdondoka. Sauti ile angeitambua hata ingetoka chini ya maji. Ni mke wake! Mke wake wa ndoa, yuko hewani, na leseni anayo, na anavuta maneno polepole na kutamka herufi moja moja kama mtu aliyezaliwa studio. Kumbe yale machache juu ya waya na mawimbi, aliyoyadondosha miaka yote akidhani anauambia ukuta, yalikuwa yanaingia. Kaburi mwenyewe fomu za mtihani wa leseni alizichukua mara tatu na mara tatu akazilaza kwenye droo, eti wasemaji wako wengi.

"Shemeji hajambo?" akauliza muuguzi.

"Hajambo, mzima wa afya. Leo mchana nimemwambia kwamba..."

Krrrrrrr!

Hapo lazima nikutambulishe kwa jirani. Ukuta kwa ukuta na stoo ya Kaburi kulikuwa na fundi wa kuchomea mageti, kijana mchapakazi, mwenye adabu, hana hili wala lile. Lakini kila alipogusisha chuma kwenye chuma, mita arobaini yote ilikuwa inachemka kama kikaango. Kaburi akajibana visikilizio masikioni kwa mikono miwili. Krrrrrrr! Fundi akapumzika kidogo, sauti ikarudi.

"...akasema 'mm'. Nikamwuliza ni ndiyo au hapana, akasema 'mm' tena."

"Pole, mwenzangu. Sasa wewe umelichukuaje?"

"Jibu wanalitaka Jumatatu, siyo hii, ile inayofuata. Nitamsubiri mpaka hapo. Asiposema neno, dada, mimi naondoka."

Wakaongea kidogo juu ya mvua, juu ya waya wa chuo unaopita karibu mno na bati, wakaagana. Kaburi alibaki ameshika penseli ya pili. Naondoka. Kwenda wapi? Amemwambia nini mchana? Alijaribu kukumbuka. Alikumbuka chumvi ilikuwa imezidi kidogo. Basi, hicho ndicho alichokipata katika mlo mzima.

Akatoka mbio kwa jirani. "Fundi! Ulikuwa unachomea nini sasa hivi?"

"Geti la watu, mzee. Kuna tatizo?"

Lilikuwepo, kubwa, lakini angelieleza vipi? Akarudi zake.

Mkewe aliporejea saa kumi na mbili, Kaburi alisimama kumpokea mkoba, jambo lililomshtua mama wa watu. "Za kazi?"

"Nzuri. Za hapa?"

"Nzuri."

Akafungua mdomo. Akaufunga. Mtazame alivyokuwa amebanwa, maskini. Akisema "nimekusikia redioni", atakuwa ametumia maneno ambayo hakuambiwa yeye, amevunja kanuni aliyoitunza miaka ishirini na miwili. Akisema "mchana sikusikia ulichosema", atakuwa ameisuta ile fremu iliyo juu ya mlango. Msikilizaji Makini wa Mwaka ameshindwa kumsikia mtu aliyekaa umbali wa bakuli moja! Aibu yake angeiweka wapi? Akanyamaza. Kwa kunyamaza huko alikuwa anajichimbia shimo, na alijua anajichimbia.

Jumapili alijifanya mpelelezi. Alikuta begi kubwa la safari, ambalo kwa kawaida hulala juu ya kabati na vumbi lake, limefutwa likang'aa. Alikaa kitandani akasikiliza nyumba. Mama alikuwa jikoni, anaimba, anaongea na sufuria, anamwambia mfuniko akae sawa. Kaburi akajaribu kuiwazia nyumba hiyo bila ile sauti, akaogopa. Aliogopa hasa, mtu mzima yule. Alimpenda mkewe, tena sana. Ila hilo nalo alikuwa amelilaza kwenye droo pamoja na zile fomu.

Hapo ndipo wazo likamjia, na ni wazo ambalo lingeweza kumjia mtu wa aina yake tu. Kwa kanuni zote, kuna neno moja ambalo msikilizaji anaruhusiwa kumwambia aliyemsikia. Ripoti! Anaruhusiwa kumwandikia ripoti.

Akajifungia stoo. Akajaza tarehe, akajaza masafa. Nguvu ya sauti, tano. Usafi wa mawimbi, mbili, kwa hisani ya fundi wa mageti. Kwenye kueleweka alisita, akatafuna penseli. Roho ilimtuma aandike tano. Lakini kuna maneno aliyakosa, na chumvi hutii, hata kama ni mkeo na ndoa inakwenda na maji. Akaandika nne. Kwenye uthibitisho wa mazungumzo akaandika, bila kumwaga siri ya mtu, "Mvua, waya, na mambo ya familia." Ikabaki nafasi ya maoni. Miaka yote, kwa vituo vyote, aliandika hapo "Nawatakia mawimbi mema." Siku hiyo alikaa karibu saa nzima, anaandika, anafuta, anaandika. Mwisho akaandika, "Sauti nzuri. Ningependa kuisikia tena." Masikio yakamwaka moto kama kijana aliyeandika barua ya kwanza. Na katika joto hilo, kwenye nafasi ya saa ya dunia, akajaza 10:10.

Umeona? Yeye hakuona.

Jumatatu asubuhi alikwenda posta kwa miguu kupeleka barua ambayo mwenye kuandikiwa alikuwa muda huo huo nyumbani anampigia pasi shati. Karani wa posta akasoma anwani. "Si chuoni kwa mkeo hapa? Mpe aende nayo tu."

"Kanuni," akasema Kaburi.

Jumanne kimya. Jumatano kimya. Mezani mama aliongea vile vile, lakini mara kwa mara alinyamaza ghafla akamtazama, kisha akaendelea. Kaburi sasa alisikiliza kila neno kwa hofu, lakini habari zenyewe zilikuwa za wanafunzi na ndoo. Lile jambo halikurudiwa. Kwa nini lirudiwe? Lilishasemwa.

Ijumaa, siku ambayo chuo hufungwa mapema, kwenye saa tisa alasiri, alikuwa anamnyoa mwalimu wa hesabu. Amemaliza upande wa kulia, ndiyo kwanza anataka kuhamia kushoto, tarishi akapita akatupa barua mezani. Bahasha ya chuo. Kaburi akazima mashine. Ndani kulikuwa na kadi mpya, nzuri, herufi za kituo zimeandikwa kubwa kwa rangi ya bluu. Akaigeuza nyuma. Penye machaguo mawili, alama ya tiki ilikuwa kwenye "Haijathibitishwa". Chini yake, kwa mwandiko anaoujua kutoka kwenye orodha za sokoni za miaka ishirini na sita:

"Ndugu Msikilizaji, asante kwa ripoti yako. Nimeangalia daftari langu. Saa 10:10 ya dunia siku uliyotaja sikuwa hewani. Saa hiyo, ambayo kwetu ni saa saba na dakika kumi mchana, nilikuwa nyumbani mezani, nikizungumza na mume wangu. Kama ulinisikia wakati huo, tafadhali andika nilisema nini, nami nitathibitisha kwa furaha. Mwendeshaji."

Kaburi akatafuta pa kukaa. Kwanza alipigwa na ile saa: amekosea saa! Ameandika saa kumi na dakika kumi ya mdomoni kama mtoto wa juzi, badala ya kumi na tatu na kumi! Ndipo, pole pole, mengine yakamwingia. Akaenda stoo, akafungua daftari la Jumamosi ile, akatafuta saa 10:10 ya dunia. Ukurasa ulikuwa na vituo kumi na vinne vya siku nzima, na saa hiyo hapakuwa na kitu. Pamoja na masikio yake yote.

"Kinyozi," mwalimu akaita kutoka kwenye kiti, nusu kichwa kinang'aa na nusu msitu, "kuna msiba?"

"Hapana, mwalimu. Samahani. Nimepata barua kutoka kwa mke wangu."

"Pole. Amesafiri?"

"Yuko jikoni."

Mwalimu, kwa busara zake, akageukia kioo.

Kaburi angeweza kusahihisha saa, akaituma tena ripoti, akapata kadi yake. Jambo jepesi. Lakini posta isingewahi Jumatatu, na zaidi ya hapo alishaelewa kwamba hakuulizwa habari za saa kumi jioni. Ameulizwa habari za mezani. Na za mezani hakuwa nazo, na usichokipata usikibahatishe.

Jumamosi, saa saba kasorobo, alizima redio. Kwa mkono wake mwenyewe, mchana kweupe. Akaenda kwa jirani.

"Fundi, naomba unisimamishie kuchomea kwa nusu saa. Nina mawasiliano muhimu."

"Na nani leo, mzee? Ulaya?"

"Na shemeji yako."

Fundi akavua miwani yake ya kazi kabisa, akaiweka chini.

Mama alipopakua, alimkuta mumewe amekaa na daftari la kumbukumbu pembeni ya sahani, penseli zote tano zimepangwa. Akakaa. Saa ya ukutani ilipofika saba na dakika kumi, Kaburi akakohoa.

"Sikukupata," akasema.

Mama akatua kijiko.

"Jumamosi iliyopita, saa hizi. Nilikuwa nimekaa hapa hapa, na sikupata hata neno moja. Naomba urudie."

"Kuanzia wapi?"

"Mwanzo."

"Mwanzo wa Jumamosi, au mwanzo wa miaka ishirini na sita?"

Kaburi akatazama mezani. "Penseli ninazo tano," akasema.

Mama akacheka, kisha katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja na kuendelea kusema huku akiyafuta. Chuo kinafungua tawi jipya, mji wa mbali, safari ya siku mbili. Wanataka akaanzishe maabara, awe mkuu wake, miaka miwili isiyopungua. Ni kazi aliyoiota tangu alipokuwa anaosha chupa za wenzake. "Nikakuuliza, baba watoto, niende au nisiende? Na nikienda, wewe je? Ukasema 'mm'. Nikasema moyoni, hata nikienda, huyu atajua mwezi wa tatu, siku atakayokosa shati la kuvaa."

Kaburi aliandika yote. Akaweka penseli chini. Sasa ilikuwa zamu yake, na hapo hapakuwa na kisingizio cha leseni cha kujifichia. Ilibidi aseme.

"Naogopa," akasema. "Naogopa nyumba hii ikinyamaza. Nimezoea kunyamaza mimi, siyo nyumba. Miaka yote nasikiliza watu wa mbali kwa sababu nilijua wewe upo. Ni ujinga, naujua. Kazi hiyo ni yako, umeitolea jasho, nenda. Lakini usiende peke yako. Nywele zinaota hata huko. Waya nitaukunja kesho. Na ukiwa unasema, mezani, chumbani, popote, nikikukosa nitakwambia nimekukosa. Sitakwambia 'mm' tena. Ukinisikia nasema 'mm', nipige na mwiko."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kuyatoa kwa mkupuo mmoja, na chakula kilikuwa kimepoa.

"Mm," akasema mkewe.

"Mm ndiyo au mm hapana?"

Akacheka huyo mwanamke mpaka fundi wa mageti upande wa pili akaitikia kwa kicheko bila kujua anacheka nini. "Ndiyo, baba watoto. Ndiyo. Jumatatu nawajibu tunakwenda wawili."

Walikula kile kilichopoa. Kaburi alikuwa na swali moja linamwasha, na kwa mara ya kwanza aliona hakuna kanuni inayomzuia. "Jumamosi ile, hewani. Ulijua nakusikia?"

"We mtu! Tulipopanga kwa simu, yule muuguzi alitaka twende kwenye masafa mengine, yaliyotulia, siyo pale penye msongamano. Nikamwambia hapana, tubaki pale pale. Pana mtu mmoja pale namtafuta. Haongei, lakini yupo."

Kaburi hakuandika hilo. Alilishika bila penseli.

Mama akainuka, akaleta mkoba wake wa kazini, akatoa kadi tupu yenye herufi za bluu. Akajaza tarehe ya siku ile. Saa ya dunia akaandika 10:10, na safari hii ilikuwa sahihi mpaka dakika. Kwenye masafa akaandika "mezani". Akauliza alama, kama inavyotakiwa.

"Nguvu ya sauti, tano," akasema Kaburi. "Usafi wa mawimbi, tano, fundi amepumzika. Kueleweka, nne."

"Nne?"

"Ulipokuwa unalia kuna maneno mawili sikuyapata."

Mama akamtazama, akaandika nne, akatia tiki kwenye "Imethibitishwa" na kusaini. Hiyo ndiyo kadi ya mia sita na kumi na tatu. Leo iko kwenye mji ule mwingine, ndani ya ile fremu ya zamani. Hati ya chama wameisukuma nyuma yake. Ukienda kunyolewa utaiona juu ya kioo, na chini kabisa, kwenye nafasi ya maoni, utasoma mwandiko wa mama: "Sauti nzuri. Ningependa kuisikia tena."